Mvinyo wa Kamba na Mpishi Asiyeonja

Siku mliyoniaga jikoni mlinipa kitenge, saa ya ukutani, na chupa ya mvinyo mweupe iliyofungwa utepe wa kijani. Mhudumu mkuu alisimama akasema, mbele ya meneja na wageni wa chakula cha mchana, kwamba hakuna mtu Bukoba nzima aliyekunywa mvinyo mweupe kwa makini kuliko Ma Adela. Mlipiga makofi. Mimi niliinama nikafunika uso kwa kitenge, mkadhani nalia kwa furaha. Nilikuwa nacheka. Katika miaka yangu yote ya jikoni sikuwahi kunywa tone moja la mvinyo, mweupe wala mwekundu.

Mliniomba niwaandikie jinsi ya kuchagua mvinyo wa kupikia kamba na kaa, kwa sababu sasa mmebaki peke yenu na rafu ya chupa na meneja anayependa lebo zenye picha ya ngome. Nitaandika. Ila siwezi kuwaeleza nilivyochagua bila kuwaeleza nilivyowadanganya, kwa hiyo someni mpaka mwisho kabla hamjaja kwangu Nshambya kudai kitenge chenu.

Nilifika hotelini nikitokea Muleba, na cheti cha upishi kutoka shule ya masista, na viatu vilivyonibana. Siku ya kwanza nilimenya ndizi. Ya pili pia. Mpishi mkuu wa wakati ule aliamini kwamba mtu asiyeweza kumenya mkungu mzima bila kujikata hafai kushika kikaango, na nadhani hakukosea, ingawa yeye mwenyewe alikuwa na vidole tisa na nusu. Tulipika ndizi, maharage, sato na sangara, na kuku kwa mgeni aliyechoka samaki. Mvinyo ulikuwa kitu cha kabati la meneja, wenye vumbi.

Kisha likaja boksi la kwanza la kamba kutoka Dar es Salaam. Mpishi mkuu alilifungua, akatazama ndani, akalifunga.

"Wadudu," alisema. "Tena wana ndevu."

Huyu alikuwa mtu ambaye msimu wa senene ukifika alikuja kazini na mfuko mzima, mabawa na miguu imeshanyofolewa, akawakaanga kwenye kikaango cha hoteli kabla ya mayai ya wageni. Ukimweka kamba na senene sahani moja utasema ni watoto wa baba mmoja. Lakini senene tumewazoea, basi yakaisha. Boksi lilikaa kwenye friza mpaka alipokuja Mzee Kaitani.

Wengi wenu hamkumkuta. Babu yake Mzee Kaitani alitoka Goa. Yeye mwenyewe alizaliwa Bukoba, akasoma Bukoba, na Kihaya chake kiliwaaibisha vijana wetu. Familia yake ilikuwa na duka karibu na soko, waliuza unga, mishumaa, na mvinyo kwa mapadri na kwa watu wa kahawa. Ndugu zake walipoondoka mmoja mmoja kwenda ng'ambo, alifunga duka lakini hakuondoka. Akawa anakuja jikoni kwetu kila asubuhi kusahihisha mchuzi wa watu, mpaka meneja akaona heri amwajiri. Mpishi mkuu alisusa, kisha akastaafu. Mzee Kaitani akalitoa boksi kwenye friza, akanitazama, akauliza kama naogopa wadudu. Nikasema nimezaliwa Muleba. Akasema inatosha.

Somo lake la kwanza lilikuwa la maji, hata si la mvinyo. Kamba walioganda hawayeyushwi juani wala kwa maji ya moto. Unawaacha kwenye maji baridi, unawamenya, unawatoa ule uzi mweusi wa mgongoni, kisha unawakausha kwa kitambaa safi kama unavyomkausha mtoto mchanga. Maganda na vichwa hatupi mtu. Yakaange na kitunguu mpaka jiko zima linukie, yamwagie mvinyo, yachemshe, chuja. Huo ndio mchuzi. Kamba wenyewe wanaingia mwisho kabisa, na wakijikunja nusu duara wameiva. Wakijikunja wakawa pete, mpe paka, na umwombe radhi.

Somo la pili nilijifundisha mwenyewe kwa aibu. Nilipika mchuzi wangu wa kwanza wa mvinyo kwenye sufuria ya alumini, ile kubwa ya ndizi. Mvinyo ni mchachu, na kitu kichachu kikichemka humo kinatoka na rangi ya maji ya kufulia na ladha ya kijiko. Nilidhani mvinyo umeharibika, nikafungua chupa ya pili, nikapata maji ya kufulia mengine. Mzee Kaitani hakugomba. Alichukua kipande cha mkaa akaandika ubavuni mwa sufuria: NDIZI TU. Mvinyo upikwe kwenye chuma kisichoshika kutu au sufuria ya enameli isiyobanduka. Kama meneja anasema sufuria ni sufuria, mpikieni yeye kwanza.

Sasa niwaambie kwa nini sinywi. Baba yangu alikuwa mtengenezaji wa lubisi, pombe yetu ya ndizi na mtama, na kijijini kwetu jina lake lilikuwa kubwa. Pombe yake haikutoka kabla ya wakati na haikuchacha. Watu walisema ana pua. Mchana aliinama juu ya mtumbwi wa pombe mbele ya wanaume wenzake, akafunua majani ya mgomba, akanusa, akasema, "Kesho," na kesho yake watu wakaja na vibuyu. Mama alikuwa amekwisha kupita pale asubuhi kurekebisha majani, kazi ambayo hakuna aliyeitazama. Mimi nilisimama nyuma ya baba nikinusa anachonusa yeye, na hiyo ndiyo iliyokuwa shule yangu ya kwanza ya upishi.

Kisha baba akaacha lubisi akahamia gongo, na gongo haikumchelewesha. Tulipomaliza matanga mama alinishika mkono. Hakuwa analia.

"Koku," aliniita kwa jina la nyumbani, "niahidi. Pombe isiguse midomo yako mpaka mimi niseme."

Nilikuwa na miaka kumi na minne, sina baba, na mama ndiye pekee niliyebaki naye. Niliahidi. Miaka ikapita, na hakuwahi kusema.

Kwa hiyo pigeni picha: msichana mwenye kiapo, ameletwa mbele ya rafu ya chupa, na mzee wa Kigoa anamfundisha kuchagua. Kila chupa mpya ilipofika Mzee Kaitani alimimina glasi mbili. Yangu nilinusa. Yake aliionja, akatazama dirishani, akauliza:

"Unanusa nini, Adela?"

Nikasema: ndimu. Au: papai lililokaa siku mbili zaidi. Au: ubao, kama kabati jipya. Yeye akatikisa kichwa polepole, kama mwalimu anayeuliza jibu analolijua, akasema, "Vizuri," na chupa ikaenda kupikiwa au ikaenda baa kwa wasiojali. Glasi yangu niliimwaga kwenye beseni alipogeuka. Nilikuwa na hofu moja tu, na niliamka nayo kila siku: kwamba kuna siku ataniambia, "Onja." Mpishi asiyeweza kuonja hana haki ya kukaa jikoni, na jiko lile nililipenda kuliko kitu chochote nilichowahi kupewa. Nikikataa, nimepoteza jiko. Nikikubali, nimempoteza mama.

Suala la mchuzi nililipeleka Kashozi, kwa padri, kwenye kitubio. Nilimweleza yote: kiapo, kamba, mvinyo unaochemka. Kutoka upande wa pili wa wavu akaniuliza kama mvinyo unachemka sana au kidogo. Nikasema sana, mpaka kileo chote kimepanda na mvuke. Akasema basi hicho ni chakula na si kinywaji, kiapo hakijaguswa, naweza kuonja mchuzi kwa amani. Akanipa salamu Maria tatu, na akauliza kamba hupikwa siku gani.

Hukumu ile ndiyo iliyonipa njia yangu ya kazi, mnayoiita "upawa wa Ma Adela" na kudhani nilitumwa kuisomea. Nilichukua upawa wa chuma wa Mzee Kaitani, nikamimina mvinyo vijiko viwili, nikaushika juu ya moto mdogo mpaka ukapungua nusu. Unanusa mara tatu. Mara ya kwanza kileo kinakupiga puani, usikiamini, kinaondoka. Mara ya pili yanakuja matunda. Yafurahie, nayo yanaondoka. Mara ya tatu, vijiko viwili vikiwa kimoja, unanusa kilichobaki, na kilichobaki ndicho mgeni atakachokula. Ukinusa ndimu na chumvichumvi, chukua. Ukinusa asali au sukari iliyoungua, acha, maana mvinyo mtamu unageuza kamba kuwa jamu. Ukinusa ubao, acha pia, hata kama chupa ina ngome mbili. Mvinyo uliolazwa kwenye mapipa ya mbao ukichemka sana unakuwa mchungu kama dawa ya minyoo. Mnaoonja mvinyo baridi kwenye glasi mnaonja kitu ambacho mgeni hatakiona kamwe. Mimi nililazimika kuchagua kwa kilichobaki, kwa sababu ndicho tu nilichoruhusiwa.

Na mvinyo wa Dodoma msiudharau. Ule mchanga, usio na sukari, umenifanyia kazi kuliko chupa nyingi zilizopanda ndege. Kaa anauvumilia mvinyo wenye matunda kidogo, kwa sababu ana utamu wake. Kamba hauvumilii. Chupa iliyofunguliwa Jumapili isipikiwe Ijumaa, hata kama meneja ameiziba kwa mkono wake mwenyewe.

Hivyo ndivyo tulivyokwenda, mimi na Mzee Kaitani, hadi ile siku ya wakwe.

Mzee mmoja wa Kashozi alikuwa anamwozesha kijana wake aliyekuwa akifanya kazi Dar es Salaam. Wakwe walitoka Muleba, watu wazito wa kahawa na kanisa, na msemaji wao alikuwa mwalimu mstaafu mwenye sauti ya kengele. Walikwisha kukubaliana karibu mambo yote. Chakula kile cha mchana kilikuwa cha kutia muhuri. Kijana wa Dar akataka aonekane. Akaagiza kamba wa mvinyo kwa watu kumi na wanane, na chupa za mvinyo ule ule mezani.

Meneja alikuwa ametoka kwenye mafunzo. Aliwafundisha wahudumu kwamba chupa ikifunguliwa, mgeni wa heshima anamiminiwa kidogo, anaonja, anakubali, ndipo wengine wanamiminiwa. Ni ustaarabu wa kimataifa, alisema. Hakuna aliyemkumbusha tuko wapi. Kwetu mleta pombe ndiye huonja kwanza, mbele ya macho ya mgeni, ili mgeni aone kwamba hakuna kitu ndani yake. Mtoto wa Kihaya analijua hilo kabla ya kujua kusoma. Lakini mhudumu alikuwa amevaa tai, na tai ina namna yake ya kumsahaulisha mtu. Alimwendea mwalimu, akainama vizuri, akammiminia kidogo cha kuonja, akasimama kusubiri.

Jikoni tulisikia kiti kikisukumwa.

"Kijana," ilikuja sauti ya kengele, "unanionjesha mimi? Mimi ndiye mbwa wa nyumba hii, wa kujaribishiwa sumu?"

Baba wa bwana harusi alianza kueleza, akajikwaa. Kijana wa Dar alisema kitu kuhusu hoteli za kimataifa, na angefanya vizuri kunyamaza. Wakwe wakaanza kusimama mmoja mmoja, wanawake wakifunga vitenge upya.

"Waitu, ndugu zetu, tuelewane," baba wa bwana harusi alisema hatimaye. "Aliyeileta aonje. Nani ameileta?"

"Mimi mhudumu tu, mzee," alisema mwenye tai. "Mvinyo amechagua Ma Adela. Hata chakula kapikia huo huo."

"Basi aje huyo Adela," alisema mwalimu. "Aonje, tumwone."

Nilitoka na aproni yangu. Meza nzima ilinitazama. Meneja alinipa glasi mkononi, akaninong'oneza huku amekaza meno, "Onja, Ma Adela, tuendelee," kama mtu anayeomba kiberiti. Nilishika glasi ile. Nilifikiria posa inayovunjika kwa ajili yangu, na mpishi mwenzangu atakayechukua kikaango changu kesho. Nikamfikiria mama kule Muleba, ambaye watu hawa wangekutana naye kanisani Jumapili wakamsalimia, "Tulimwona binti yako, mnywaji mzuri sana." Nikainua glasi. Ilifika kidevuni, ikakataa kupanda zaidi.

Nikasikia mlango wa jikoni. Mzee Kaitani alikuja akijifuta mikono, bila haraka.

"Samahanini, waitu," alisema kwa Kihaya safi, na nusu ya meza ikakaa chini kwa mshangao tu. "Huyu ni mwanangu wa jikoni, amenisaidia. Mvinyo nimeuchagua mimi. Chakula ni changu. Wa kuonja ni mimi."

Akaichukua glasi mkononi mwangu, akainywa yote, akasimama mikono nyuma. Mwalimu alimtazama kwa muda kama anayesubiri aanguke. Hakuanguka. Mwalimu akaketi, akavuta sahani, akala kamba wa kwanza wa maisha yake kwa uso wa mtu anayetimiza wajibu, kisha akamla wa pili kwa uso mwingine. Ndoa ilifungwa, na ina watoto wakubwa leo.

Mzee Kaitani alipigiwa makofi. Wiki ile ile meneja akachapa menyu mpya: Kamba wa Mzee Kaitani. Kamba wale niliwapika mimi, tangu ganda hadi ndimu, kwa mvinyo niliounusa mimi. Nilishukuru kuokolewa, sikatai. Lakini uchungu ulitangulia shukrani, na nilipomkuta stoo akipanga chupa nilisimama mlangoni bila kusalimia.

"Ulijua sinywi?" nilimuuliza.

"Tangu mwezi wa kwanza. Glasi yako hairudi na alama ya mdomo."

"Na hukusema?"

"Ningesema nini?" Aliweka chupa chini. Alikuwa amezeeka ghafla, au mimi ndiye niliyekuwa simtazami. "Adela, mimi sinusi. Homa moja iliniondolea pua nikiwa bado na duka. Mvinyo wote kwangu ni maji yenye uchachu, huu mwingi, ule kidogo. Nilipokuuliza unanusa nini, bojo, nisamehe, sikuwa nakufundisha. Nilikuwa nauliza."

Kisha yeye akaanza kucheka, na mimi nikaanza, mpaka tukashika rafu na chupa zikaanza kugongana. Mmoja hakuwa na pua, mwingine hakuwa na mdomo, na hoteli ilikuwa inasifiwa hadi Mwanza. Baada ya siku ile tulifanya kazi bila kujificha. Mimi nilinusa, yeye akapima uchachu kwa ulimi, na hatukukosea chupa hata moja. Lakini menyu haikubadilika, na sikuomba ibadilike, kwa sababu ningeulizwa kwa nini sikuonja.

Watoto wa ndugu zake walimwita ng'ambo alipoanza kuanguka kuanguka. Aliniachia upawa. Ndipo uongo wangu ukawa wa mtu mmoja. Wauza mvinyo walipokuja, niliinua glasi dirishani, nikanusa, nikakunja uso, nikasema, "Huu hapana." Wakaufungasha. Mwingine niliunusa nikafumba macho, wakaandika oda. Hakuna hata mmoja aliyeona kwamba glasi haikufika mdomoni. Nimejifunza kwamba mtu akikunja uso kwa kujiamini hakuna anayekagua mengine. Na ninyi mlinitazama miaka yote hiyo, mkaniita mnywaji, na mkaninunulia chupa.

Chupa hiyo niliiweka kabatini Nshambya, karibu na sanamu ya Bikira Maria, na nikawa sipiti pale bila kugeuza uso. Kuigawa niliona ni dharau kwenu. Kuipikia peke yangu sikuwa na kamba. Mwishowe niliitia kwenye kikapu, chini ya mkate na sukari, nikaenda Muleba kwa mama. Nilitaka kumwambia kwamba nimemaliza kazi, na kwamba nimemaliza nikiwa mzima, na ahadi yake nzima. Nilitaka anisifu. Mtu mzima mwenye mvi, nasafiri kwenda kusifiwa na mama.

Nilimkuta anaanua kahawa. Haoni vizuri siku hizi, lakini alisimamisha mikono kabla sijakaa.

"Umeleta nini kwenye kikapu?"

Nikamweleza yote, hadi siku ya wakwe. Alisikiliza akichambua punje, hakusema "pole" wala "hongera". Nilipomaliza alisema:

"Fungua."

Kizibuo ninacho, siendi popote bila hicho. Nilimimina kwenye vikombe viwili vya chai. Mama alichukua chake, akakiweka chini ya pua, akafumba macho yale yasiyoona vizuri.

"Huu ni mchanga," alisema. "Una ndimu, na majani yaliyokatwa leo. Sukari hauna. Haujalala kwenye mti." Akanusa mara ya tatu. "Unafaa kupikia kitu cha majini."

Niliweka kikombe changu chini.

"Mama, umejuaje?"

"Nani unafikiri alikuwa anamwambia tata, baba yako, aseme 'Kesho'?"

Niliona tena majani ya mgomba, na mama akiyarekebisha mapema asubuhi, kazi ambayo hakuna aliyeitazama, nami nikiwemo.

"Alikuwa na miguu mizuri ya kukanyaga ndizi," alisema. "Pua hakuwa nayo. Nilikuwa nanusa asubuhi, namwambia. Mchana anainama mbele ya watu."

"Na hukusema kwa mtu?"

"Nimwambie nani? Pombe ilikuwa ya wanaume." Aliendelea kuchambua kahawa. "Ile gongo nayo niliinusa. Nikamwambia, hiyo usinywe. Ni siku hiyo tu hakunisikiliza. Ndiyo maana nilikufunga mdomo, Koku. Pua nilikuachia."

Nililia, safari hii kweli. Mama aliniacha nilie, kisha akasukuma kikombe changu kwa kidole mpaka kikagusa mkono wangu.

"Mleta pombe huonja kwanza. Au huko hotelini mmesahau?"

"Mama, niliahidi."

"Nilisema mpaka niseme. Sasa nasema."

Nikaonja. Ulikuwa mchachu, ukakwaruza koo, ukaacha uchungu mdogo nyuma ya ulimi, basi. Pua ilikuwa imekwisha kunieleza mengine yote. Nilikaa nikisubiri kile ambacho watu wote hawa wanakisifia, na hakikuja.

"Vipi?" mama aliuliza.

"Si mtamu, mama."

"Kwani ulidhani nimekunyima kitu kitamu?" alisema, na akanywa kikombe chake chote bila kupumzika.

Nusu iliyobaki tulipikia sato, kwenye sufuria ya enameli niliyoitafuta kwa majirani. Kwa hiyo, vijana wangu, upawa wa chuma nimeuacha kwenye ndoano karibu na jiko la gesi. Chemsheni, nuseni mara tatu, na anayetaka kuonja aonje, ila aamini pua kwanza. Nasikia menyu mpya inachapwa na meneja anataka aweke jina langu kwa kamba wale. Mwambieni hapana. Aandike Kamba wa Ma Paskazia, mjane wa Muleba. Mama hajawahi kumwona kamba, na akimwona atasema ni mdudu, lakini mvinyo ameuchagua yeye.